Kusafisha Lee-Enfield ya zamani bila kuipunguzia thamani: mwongozo kamili

Bunduki ya kwanza niliyoifanyia kazi niliiharibu. Ilikuwa Lee-Enfield ya mwaka 1916, imelala miaka mingi kwenye banda la shamba huku Marekani ninakoishi. Mbao zilikuwa nyeusi kwa mafuta na vumbi, na chuma kimeota kutu kama ganda la mti. Nilipiga msasa mbao mpaka zikang'aa, nikazipaka vanishi. Chuma nikakipeleka kwenye brashi ya mota, kisha nikakitia weusi mpya. Nilipomwonyesha mzee mmoja anayekusanya silaha za vita, aliigeuza mara moja tu, akapitisha kidole pale kwenye kitako palipokuwa na mihuri ya kiwanda. Palikuwa laini kama meza. "Sasa hii ni bunduki ya nani?" akaniuliza. Sikuwa na jibu, kwa sababu jibu lilikuwa limeandikwa mahali nilipopasugua.

Tangu siku hiyo nimesafisha nyingine kadhaa, na ninachoeleza hapa ndicho ninachokifanya sasa. Kazi hii haigeuzi bunduki kuwa mpya. Inazuia kutu isiendelee kula, inaondoa uchafu usiokuwa sehemu ya historia yake, kisha inaacha. Chuma kilichokwanguliwa hakirudi, na muhuri uliofutwa hauchongwi tena.

Nimechagua kueleza kwa mfano wa Lee-Enfield fupi, ile SMLE Mk III iliyopitishwa na jeshi la Uingereza mwaka 1907, kwa sababu ndiyo ninayoijua vizuri, na kwa sababu inatuhusu. Bunduki za ukoo huu ndizo zilizobebwa na babu zetu wa Keya (King's African Rifles), jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Pale Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa upande wa Wajerumani walikuwa bado na Mauser za 1871, zinazotumia baruti nyeusi ambayo moshi wake unamwonyesha adui ulipo. Waingereza waliporudi melini walitupa nyuma mamia ya bunduki, na watu wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, wakaziokota na kuzipigania. Bunduki moja inaweza kuwa imetumikia pande mbili za vita, na hakuna mtu aliye hai wa kukusimulia. Kinachosimulia ni alama zilizopigwa kwenye chuma na mbao.

Kabla ya kugusa chochote: karatasi na usalama

Anza na sheria ya mahali ulipo. Tanzania kuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Ukikuta bunduki kwenye dari la nyumba ya marehemu, usianze kuisafisha na wala usiibebe kwenye basi kumpelekea fundi. Iache ilipo, toa taarifa polisi, uliza utaratibu wa kuimiliki au kuipeleka makumbusho. Huku Marekani, sheria ya shirikisho inaihesabu bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake kuwa ya kale na kuisamehe, kwa hiyo Mk III haimo katika msamaha huo. Uingereza nako risasi yake ya .303 bado inatumika, hivyo Lee-Enfield inayofanya kazi inahitaji cheti hata ikiwa na zaidi ya miaka mia.

Halafu hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu mahali ambapo hakuna mtu wala nyumba. Toa magazini kwa kubonyeza kitasa chake kilicho ndani ya ulinzi wa kifyatulio. Vuta nyuma bolti, lile komeo la chuma lenye mkono, tazama kwa tochi ndani ya chemba, mahali risasi inapokaa, kisha ingiza kidole ukapapase, kwa sababu macho hudanganywa na kutu. Kama bolti imeganda na haivutiki, ichukulie kuwa ina risasi ndani na mwite fundi bunduki mwenye leseni. Usiigonge kwa nyundo. Na kama uliyonayo ni gobori, hatari ni kubwa zaidi: magobori mengi ya zamani yaliwekwa ukutani yakiwa yameshindiliwa. Ingiza ufito mkavu wa mti mdomoni mpaka ukwame, weka alama, uutoe, ulaze kandokando ya mtutu kwa nje. Ukiwa haufiki karibu na kitako cha mtutu, kuna kitu ndani, na hicho si chako kukitoa.

Isome kwanza

Watu wengi wanaruka hatua hii kwa haraka ya kuona chuma kinang'aa. Mimi huiacha bunduki mezani wiki nzima bila kuigusa na mafuta. Napiga picha kila upande kwa mwanga wa dirishani, nikilaza taa pembeni ili mihuri iliyofifia itupe kivuli. Kila kitu naandika kwenye daftari.

Kwenye Lee-Enfield tazama shingo ya chuma pale kitako kinapoingia, upande wa kulia. Hapo utakuta taji, herufi za mfalme, jina la kiwanda, mwaka na toleo. Enfield ni kiwanda cha serikali kaskazini mwa London, BSA ni cha Birmingham, LSA ni kampuni ya London, Lithgow ni Australia, na Ishapore ni India. Mshale mpana ni alama ya mali ya serikali. Mishale miwili inayogusana kwa ncha maana yake bunduki iliuzwa nje ya utumishi kwa njia halali.

Baadaye tafuta namba. Mara nyingi ipo mwilini, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, kwenye kofia ya mdomo, chini ya bati la shabaha ya nyuma, na chini ya ubao wa mbele karibu na ncha. Namba zikifanana zote, umeshika kitu adimu, na kila sehemu ndogo unayotaka kuibadilisha kwa sababu "imechakaa" itakuondolea fedha nyingi. Mnunuzi anayejua huanza na namba, mng'aro hauangalii.

Kwenye kitako, upande wa kulia, huenda ukakuta kisahani cha shaba kilichopigwa alama za kikosi. Huenda pia kimeng'olewa na kubaki tundu au kipande cha mbao cha kuziba. Usitafute kisahani kingine cha kuweka. Tundu lile ni la kweli, na kisahani cha kununua ni uongo.

Bunduki nyingine za India ubao wake wa mbele umefungwa kwa waya wa shaba nyekundu. Nimeona mtu akiufungua akidhani ni ukarabati wa kienyeji. Waya ule uliwekwa na jeshi ili ubao usipasuke wakati wa kurusha mabomu ya mkono kwa bunduki. Uache.

Ukimaliza kusoma, amua. Kama bunduki iko katika hali yake ya asili na kutu ni ya juujuu, kazi yako ni ndogo mno: kitambaa, mafuta na subira. Kama ilikuwa ya asili lakini inaendelea kuliwa na kutu, utaifungua na kuisafisha. Na kama mtu alishaikata mbao kuifanya ya kuwindia, kama walivyofanya wengi baada ya 1945, hapo thamani ya kumbukumbu imeshapungua, na una uhuru wa kuirudishia mbao zake kwa sehemu za zamani za aina ileile, mradi uandike ulichobadilisha.

Vifaa

Bisibisi ndizo zinazoharibu bunduki kuliko kutu. Bisibisi ya kawaida ya nyumbani imechongwa kama kabari, hupanda nje ya mfereji na kuung'oa. Unahitaji zenye ncha iliyonyooka pande zote, inayojaza mfereji wa skrubu kwa urefu na kwa unene. Ukikosa, chonga ya zamani kwa tupa mpaka ikae barabara. Skrubu iliyochubuka inaonekana toka mbali, na humwambia mnunuzi kwamba mtu asiyejua aliingia humo.

Vingine ni vya kawaida: mafuta ya kulegeza kutu, mafuta mepesi ya mashine, mafuta ya taa, stilwuli laini kabisa ya namba 0000 (ile ya kusugulia sufuria ni kali mno), miswaki ya zamani, vitambaa vya pamba, sarafu au kipande cha shaba nyekundu, tapentaini, mafuta ya kitani na nta. Jiliwa iwe na ngozi au mbao laini kwenye meno yake. Mota, keekee yenye brashi na msasa viweke chumba kingine.

Kuifungua, kwa mpangilio wake

Hapa Lee-Enfield ina mtego ambao umepasua mbao nyingi. Kitako kinashikwa na bolti ndefu inayopita ndani yake, na ncha ya mbele ya bolti hiyo ni ya pembe nne, imejichomeka kwenye kibati kilichoko nyuma ya ubao wa mbele. Ukianza kwa kufungua kitako, ncha ile inapozunguka inapasua ubao wa mbele kutoka ndani. Ubao wa mbele lazima utoke kwanza. Kila mara. Na kama kitako hakichezi wala hakina ufa, sioni sababu ya kukitoa kabisa.

Toa bolti: ivute mpaka mwisho, inua kichwa chake kiruke kutoka kwenye reli, kisha ichomoe. Toa magazini. Fungua kofia ya mdomo, ambayo ina skrubu ya kupita kando na nyingine ndogo chini, karibu na mahali pa kufungia singe. Ikigoma kutoka, usiigonge kwa chuma. Igongegonge taratibu kwa nyundo ya mbao huku na huku. Chini yake, ndani ya ubao, kuna kipini kidogo kilichokalia springi, nacho hupenda kurukia chini ya kabati. Fuata pete ya katikati, kisha skrubu ya pete ya ndani, nayo pia ina springi na washa. Ubao wa juu wa nyuma umeshikwa na vibanio vya springi vinavyong'ata mtutu. Mbao yake ni nyembamba na imekauka, kwa hiyo uinue kwa vidole vya mikono miwili pande zote kwa pamoja. Mwisho fungua skrubu za ulinzi wa kifyatulio, na ubao wa mbele utashuka. Uvute chini ukiwa sambamba na mtutu, usiukunje.

Skrubu ikigoma, weka tone la mafuta ya kulegeza, kesho weka jingine, na keshokutwa jingine. Nimewahi kungoja siku 11 kwa skrubu moja. Ncha ya pasi ya kulehemu ikiwekwa juu ya kichwa cha skrubu kwa dakika chache husaidia, kwa sababu joto na baridi huvunja mshiko wa kutu. Skrubu ikikataa hata hivyo, na huko ndani hakuna kutu ya hatari, iache ilivyo.

Chuma

Weusi wa chuma cha zamani na kutu nyekundu vyote viwili ni oksidi za chuma. Ni ndugu. Ndiyo maana siki, maji ya ndimu na dawa zote za tindikali zinazouzwa madukani kwa kuondoa kutu hazifai hapa. Tindikali haichagui, inakula kutu na weusi wa kiwandani pamoja, na ukitoa bunduki humo itakuwa ya kijivu kama bati. Kupaka weusi mpya juu yake ndiko kunakoshusha bei kuliko kitu kingine chochote, ukiacha msasa kwenye mbao.

Kwa kutu ya kawaida, lowesha kwa mafuta mepesi, acha usiku mmoja, kisha sugua kwa stilwuli ya 0000 iliyolowa mafuta, kwa mkono mwepesi kama unampangusa mtoto uso. Futa kila baada ya muda uone rangi ya kitambaa. Kikitoka cha kahawia nyekundu, endelea. Kikianza kutoka cha kijivu au cheusi, simama, kwa sababu sasa unaondoa ngozi ya chuma chenyewe. Uvimbe mdogo wa kutu ngumu ukwangue kwa ukingo wa sarafu ya shaba nyekundu. Shaba ni laini kuliko chuma cha bunduki, haikwaruzi, lakini ni ngumu ya kutosha kuung'oa uvimbe ule. Kwenye mihuri tumia mswaki na mafuta peke yake.

Sehemu ndogo zilizoshambuliwa kila mahali, kama pete na ulinzi wa kifyatulio, mimi huzichemsha. Kwanza zisafishe mafuta yote, kisha zitumbukize kwenye maji safi ya betri, yale yasiyo na asidi, yachemke dakika 20 hadi 30. Maji ya bomba huacha chokaa. Joto na maji hugeuza kutu nyekundu kuwa oksidi nyeusi, ileile iliyo kwenye weusi wa zamani. Zikitoka zitakuwa na unga mweusi juu, uondoe taratibu kwa stilwuli, paka mafuta zingali na joto. Utaona weusi wa asili umebaki, na pale palipokuwa na wekundu pamekuwa peusi vilevile. Hujaongeza rangi wala kukwangua chuma.

Mashimo ya kutu hayajazwi, hayapigwi tupa. Yanabaki.

Ndani ya mtutu ni habari nyingine. Risasi za .303 za zama zile zilikuwa na fataki iliyoacha chumvi baada ya kila mlipuko, na chumvi hiyo huvuta unyevu hewani. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha. Askari wa Uingereza walimimina maji ya moto kwenye mtutu kwa mpare (faneli), nawe fanya hivyo: lita moja ya maji yanayochemka kutoka upande wa chemba, ubao ukiwa umetoka ili usilowe, kisha vitambaa vikavu, kisha mafuta. Fimbo ya kusafishia iingie kutoka nyuma. Mdomo wa mtutu ukishasuguliwa na fimbo hupoteza umbo lake, na hapo bunduki haina shabaha tena. Ukiona mifereji mitano inayojipinda kwenda kushoto, hata kama ina madoadoa meusi, umebahatika.

Mbao

Nyingi za Uingereza ni mti wa jozi, na jeshi lilizilowesha mafuta ya kitani yasiyochemshwa. Hakukuwa na vanishi. Ukikuta mng'aro wa vanishi juu yake, ni wa mtu wa baadaye.

Safisha kwa kitambaa kilicholowa tapentaini kidogo. Uchafu utatoka mweusi kama lami. Geuza kitambaa, rudia, mpaka uone nyuzi za mti, na hapo uishie. Rangi ile ya kahawia iliyokolea ni mikono ya watu na mafuta ya miaka mia, ndiyo ngozi ya umri wake, na hakuna duka linaloiuza. Mbao ikiwa imenywa mafuta ya mashine mpaka imelainika nyuma ya ubao wa mbele, changanya unga wa chaki na asetoni uwe uji mzito, paka, uache ukauke. Chaki itageuka njano kwa mafuta iliyoyavuta. Pangusa, paka tena. Fanyia nje, penye upepo, mbali na moto.

Mbonyeo ambao haukukata nyuzi unaweza kuinuliwa kwa kitambaa chenye maji na ncha ya pasi ya moto kwa sekunde chache. Mimi siku hizi sifanyi. Kwenye bunduki ya vita mibonyeo ni yake, na mvuke ukifika karibu na muhuri huuvimbisha ukapotea. Ufa ndio unaohitaji tiba, hasa kule nyuma ya ubao wa mbele. Safisha mafuta ndani ya ufa, ingiza gundi ya epoksi, funga kwa kamba ya mpira, futa iliyomwagika kabla haijakauka.

Kisha matone machache ya mafuta ya kitani kwenye kiganja, usugue mpaka mkono upate joto, uache siku moja, ufute yaliyobaki juu. Rudia baada ya wiki. Mara tatu zinatosha. Vitambaa vyenye mafuta haya usivikunje ukavitupa kwenye pipa: vinapokauka vinajitia joto vyenyewe na huweza kuwaka moto usiku ukiwa umelala. Vianike nje kimoja kimoja, au vitumbukize kwenye ndoo ya maji.

Bati la shaba la kitako halisuguliwi kwa dawa ya kung'arishia. Lifute vumbi tu. Ukifungua kilango chake, huenda ukakuta kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia ya askari wa mwisho. Vifute, uvirudishe humohumo.

Kuirudisha na kuitunza

Kurudisha ni kinyume cha kufungua. Kaza skrubu ya mbele ya ulinzi wa kifyatulio mpaka ikae imara, maana hiyo ndiyo inayoushika ubao kwenye mwili. Paka nta nyembamba juu ya chuma na mbao. Wahifadhi wengi wa makumbusho hutumia Renaissance Wax, iliyobuniwa kwa ajili ya British Museum, kwa sababu haina asidi na haivutii vumbi kama mafuta.

Usiipige risasi. Bolti ya Lee-Enfield ililinganishwa na mwili wake mmoja, na baada ya miaka mia, pengine kwa bolti iliyobadilishwa, nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi inaweza kuwa imepanuka kiasi cha kupasua ganda karibu na jicho lako. Fundi bunduki ana vipimo vya kulipima hilo kwa dakika chache. Ukikuta herufi DP zimepigwa mwilini au kwenye mbao, ilitengwa kwa gwaride tu, na hakuna haja ya kipimo: haipigwi kabisa.

Ihifadhi kwenye kabati linalofungwa, ikiwa imesimama mdomo chini kwa wiki chache za kwanza ili mafuta yasitiririke kwenye mbao. Usiiache ndani ya mfuko wa ngozi au wa turubai. Mifuko hiyo hushika unyevu, na kwa watu wa pwani, Mombasa au Tanga, msimu mmoja wa masika unatosha kurudisha kutu yote. Weka vifuko vya kukausha hewa ndani ya kabati, uvibadilishe. Baada ya mwezi mmoja ifute tena kwa kitambaa cheupe. Wekundu ukionekana, kuna mahali hukufika.

Daftari lako liweke pamoja nayo: picha za kabla, namba zote, na kila ulichofanya kwa tarehe. Ukurasa wa mwisho mimi huandika orodha ya skrubu ambazo sikuzigusa.